Maji Niliyokunyima Katwe

Bwera, jioni, kabla ya safari yako

Masika binti yangu,

Umetoka kwenda kuagana na majirani, nami nimesema kichwa kinaniuma, nitabaki. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Nimebaki ili niandike bila wewe kuchungulia begani na kusahihisha herufi zangu, maana tangu umalize sekondari hakuna barua inayotoka nyumba hii bila kupita mikononi mwako. Hii haipiti. Makosa utakayoyaona humu ni yangu yote, ya herufi na mengineyo.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Habari za sindano, za kula kwa saa, za kuiweka dawa mahali penye ubaridi, wewe ndiye uliyenifundisha mimi. Siku ile ya kwanza, mimi koplo mzima niliyewahi kukamata majambazi, nilikuwa natetemeka kwenye kiti kama kuruta, na wewe ukaniambia, "Baba, angalia ukutani, tafuta mjusi." Nilipompata mjusi ulikuwa umeshachoma na kumaliza. Sasa mtu wa namna hiyo nimpe maagizo gani? Habari za wavulana wa Kampala pia naziruka. Umerithi ulimi wangu, nawaonea huruma wao.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya maji.

Juzi, tulipokuwa tunafunga sanduku, nilikuambia kwamba basi la kesho litasimama Kinyamaseke, na mama yako anakaa hapo karibu, Munkunyu, angefurahi kukuona kabla hujapanda treni Kasese. Uliendelea kukunja gauni lako la buluu, kisha ukasema, bila hasira yoyote, "Baba, mama alinifungia maji nikiwa mgonjwa. Sina cha kumwambia." Ukaenda kutafuta kamba ya kufungia sanduku.

Nilibaki na mkono juu ya kifuniko. Kinywa kilikuwa wazi na maneno yalikuwa tayari, lakini hukuchelewa kurudi na kamba, nami nikasema tu kwamba kamba hiyo ni fupi. Sasa nasema kile nilichopaswa kusema. Aliyekufungia maji si mama yako, Masika. Ni mimi.

Nimeandika hayo nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikarudi. Nimeyakuta bado yapo. Basi tuendelee.

Mama yako, kama unavyojua, ni mtu wa upande wa Beni. Alikuwa akivuka na mama yake kuuza mawese soko la Mpondwe, nami nilikuwa askari polisi niliyeletwa huku kutoka Arua, sijui neno moja la watu wa huku. Tulichokuwa nacho sisi wawili ni Kiswahili, yeye cha kwao Kongo, mimi cha kambini. Aliniambia nikitaka anipende niache kumwambia "njoo hapa" kana kwamba namkamata. Nilijitahidi. Baada ya uhuru nikamjibu mkubwa wangu vibaya, kazi ikaisha, na kwa kuwa niliona aibu kurudi kwetu mikono mitupu, nikaenda Katwe kukodi vidimbwi vya chumvi. Ulikuwa mdogo, unabebwa mgongoni.

Kule Katwe watu waliniita Afande. Nilidhani ni heshima. Ilinichukua muda kutambua kwamba walikuwa wananicheka, kwa sababu ya suruali yangu ya polisi niliyoikata magotini, na kwa sababu nilikuwa nakunywa maji ovyo. Utakumbuka maisha ya pale. Mtu anaingia ziwani asubuhi, chumvi inamtafuna miguu, jua linampiga kutoka juu na kutoka chini, na maji ya kunywa yanaletwa kichwani kutoka mbali. Kwa hiyo wenyeji wa vidimbwi walikuwa na desturi yao: unakunywa asubuhi, unakunywa jioni, hapo katikati unavumilia. Mtoto akianza kupata akili anafundishwa hivyo hivyo. Anayelialia maji mchana huambiwa hajawa mtu wa chumvi. Mimi nilitoka mbali, nilitaka sana kuwa mtu wa chumvi. Nikajifunza kuvumilia kiu, na nilipokwisha kujifunza nikawa mkali kuliko wenyewe, ndivyo ilivyo kwa mgeni.

Ulikuwa umeanza shule ulipoanza kunywa maji. Nasema kuanza, kwa sababu kabla ya hapo ulikuwa mtoto kama wengine, na ghafla ukawa unauinua mtungi kwa mikono miwili. Unakunywa kikombe, unasimama, unavuta pumzi, unakunywa kingine. Mama yako anarudi kutoka kuteka maji na ndoo, kabla hajaiweka chini umeshachota. Na majirani wanatazama. Jirani mmoja akaniuliza, akicheka, kama mtoto wa Afande amezaliwa samaki. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na moyoni nikakuwekea kinyongo, mtoto wangu mwenyewe, kwa sababu ya mzaha wa mtu aliyekuwa na meno matatu.

Halafu ukaanza kukojoa kitandani. Kwetu mtoto mkubwa akikojoa kitandani ni jambo la kuchapwa kidogo na kuachwa. Mimi nilifanya zaidi. Nilikutwisha mkeka wako kichwani, umelowa, nikakutembeza kati ya nyumba mpaka kwenye vidimbwi na kurudi, watoto wenzako wanakufuata wanaimba. Ulikuwa umeshika mkeka kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine unajifuta uso. Hukulia kwa sauti. Nadhani hili hulikumbuki, hujawahi kulitaja. Mimi nalikumbuka kila nikuonapo umebeba kitu kichwani, hata kuni tu.

Mama yako alikuwa ameanza kuona. Yeye ndiye aliyeona sisimizi. Alipouanika mkeka wako nyuma ya nyumba walikuja mstari mzima, wakauacha mkeka wake na wangu, wakaenda kwenye wako tu. Akaniita nikaangalie. Akaniambia, "Baba Masika, kiu ya chumvi haiko hivi. Huyu mutoto iko na ugonjwa. Tumupeleke kwa masista." Nikamwambia sisimizi ni sisimizi, wanaenda wanakotaka. Nikamwambia anakudekeza. Alionyesha mbavu zako, jinsi gauni lilivyokuwa linaning'inia. Nikasema watoto wanaokua hukonda. Kila alichosema nilikuwa na jibu, ndiyo sifa niliyotoka nayo polisi.

Na hapo ndipo nilipotoa amri. Nililitoa kufuli la sanduku langu la polisi, nikaubeba mtungi nikauweka kwenye chumba cha chumvi, nikafunga. Nikasema Masika atakunywa asubuhi, na jioni nusu kikombe, mpaka aache kukojoa kitandani na ajue kuvumilia. Ufunguo nikampa mama yako. Nilimwambia aufunge kwenye ncha ya kitenge chake, na kwamba akikupa maji mchana atanijua mimi ni nani. Mimi nilikuwa nashinda ziwani, wewe ulikuwa unashinda naye nyumbani. Kwa hiyo ulichokiona wewe ni kitenge cha mama, fundo kwenye ncha yake, na ufunguo ndani ya fundo. Ulipolia ulimlilia yeye. Aliyekujibu hapana ni yeye. Mimi nilikuja jioni na kuuliza kama umekuwa hodari leo.

Sasa nikuambie usichokiona. Siku moja mchana nilirudi kuchukua sepetu. Nilikuta mlango wa chumba cha chumvi uko wazi, mama yako amechuchumaa na mtungi, kikombe kimejaa mkononi, anakuja nacho kwako. Wewe ulikuwa umelala kando ya ukuta, macho umeyafumba. Nilikipiga kile kikombe kikaruka. Kisha nikampiga yeye. Hakupiga kelele, alisema tu, "Piga, lakini umupe maji." Nikafunga mlango, nikachukua sepetu yangu, nikarudi kazini. Nilifanya kazi mpaka jioni kama mtu aliyetimiza wajibu.

Sitafuti neno la kupunguza hapo. Nimelitafuta miaka yote hii na halipo.

Kesho yake asubuhi hukuamka vizuri. Ulikuwa unapumua kwa nguvu, pumzi ndefu ndefu, kama mtu aliyepanda mlima, na wewe umelala tu. Nilipoinama nikasikia kinywani mwako harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, na macho yako yalikuwa yamelegea. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri umelewa. Nilifikiri mama yako amekunyamazisha kwa tonto, pombe ya ndizi ya majirani. Nikamgeukia nikaanza kumwuliza maswali ya kituo cha polisi, nani alikuuzia, saa ngapi, alikuwepo nani. Yeye alikufunga mgongoni kwa kitenge kile kile chenye ufunguo, akatoka nje. Lori la chumvi lilikuwa linapakia. Alisimama mbele yake, mbele ya magurudumu, na injini inanguruma, mpaka dereva akampa nafasi. Lori hilo lilikuwa na magunia yangu, lakini mimi sikupanda. Nilibaki nisimamie upakiaji wa lingine. Niliwaambia watu mke wangu amekwenda kutembea.

Huko hospitalini kwa wamisheni walijua kwa kunusa tu. Walikuwekea maji ya mshipa na insulini, na walimwambia mama yako kwamba kwa sasa asikupe kitu mdomoni, tumbo lako lilikuwa linakataa, ungetapika ukapaliwa. Alikaa hapo kitandani. Wewe ulikuwa unaamka, unaomba maji, unazimika. Unaamka, unaomba maji. Na yeye, ambaye mgongo wake ulikuwa bado unauma kwa sababu ya kikombe kimoja, ilimbidi aseme hapana tena. Ndiyo maana unamkumbuka akikunyima maji mahali pawili, Katwe na hospitalini. Yote mawili unayakumbuka sawasawa. Ulichokosa ni sababu tu.

Mimi nilifika baadaye, nimeoga, nimevaa shati. Niliingia wodini wakati ule ule mwuguzi anasema sasa anaweza kujaribu kidogo. Kikombe cha bati kilikuwa juu ya kabati dogo, karibu na mkono wangu. Nikakichukua, nikakunywesha. Ulikunywa, ukanitazama, ukasema, "Baba ameleta maji." Mama yako alikuwa upande wa pili wa kitanda. Aliniangalia. Nilijua anangoja niseme neno, hata dogo. Nilikupangusa mdomo, nikanyamaza.

Masika, nimefanya mabaya mengi, na kule polisi nilifundishwa mengine. Hakuna ninaloliona aibu kama kunyamaza kule. Kufuli lilikuwa ujinga. Kipigo kilikuwa ukatili, na hata ukatili mtu aweza kusema hasira zilimpanda. Lakini kikombe kile nilikipokea nikiwa na akili timamu. Nililiona pendo lako linakuja upande usiostahili, nikalifungulia mlango likaingia.

Na tangu hapo niliishi kwalo. Mama yako ndiye aliyefundishwa kukuchoma sindano, kwa hiyo ulimkimbia. Ulijificha chini ya kitanda ukisikia sufuria ya kuchemshia. Mimi nilikuwa natoka nje, eti siwezi kuona, halafu narudi na karanga za kukuchangamsha. Yeye akawa mtu wa maumivu, mimi nikawa mtu wa karanga. Alikuwa anachemsha mkojo wako kwenye ile dawa ya buluu kila asubuhi, anaangalia kama imegeuka kijani au rangi ya tofali, anahesabu chakula chako, anasema hapana kwa muwa, hapana kwa ndizi tamu. Hapana zote zilikuwa zake. Uhai wako ulisimama juu ya hapana za mama yako.

Tulipohamia hapa Bwera kufungua duka, aliniambia nikuambie. Nilimwahidi nitakuambia ukikua. Ukakua. Nikasema umalize msingi kwanza. Ukamaliza. Siku alipoondoka kwenda kulima kwa kaka yake aliyehamia Munkunyu, wewe ulikuwa shuleni. Hatukugombana, ingawa wewe nilikuambia tumegombana. Alifunga vitu vyake, akasimama pale unapowekwa mtungi wetu, akasema, "Mimi sitamwambia. Nikimwambia mimi, ataona ninamuchongea baba yake, atakosa wote wawili. Umwambie wewe. Siku utamwambia, nitamuona." Kisha akanionyesha tena jinsi ya kuchemsha sindano, maana alijua mikono yangu ni mizito.

Uliporudi ulikuta hayupo. Uliniuliza mara moja tu, na mimi nikasema tumegombana, watu wazima wana mambo yao.

Haya, sasa kiu ikanifuata mimi.

Hiyo nusu unaijua, kwa sababu wewe ndiye uliyeibeba. Lakini hujui ilivyokuwa ndani yangu. Ilikuja polepole sana. Kwanza kikombe kimoja zaidi usiku, baadaye viwili. Suruali ikaanza kulegea, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, nikajisifu kwamba kitambi kimekwisha. Macho yakaingia ukungu, nikasema ni uzee. Nikanywa miti shamba ya mlimani, mizizi, magome, kila mtu mwenye chupa nilikuwa mteja wake, na nikasema inanisaidia, kwa kuwa nilikuwa bado natembea. Mwaka mzima ukapita na zaidi. Na wewe uliuona ugonjwa wako ukiingia kwa baba yako, ukaniambia, nikakukatalia. Nilikuambia wewe ulianguka katika majuma machache tu, mimi mwaka wa pili huu nauza dukani, iweje uwe ugonjwa mmoja.

Lakini hukugombana nami. Uliweka jagi la maji karibu na kitanda changu, limefunikwa kwa sahani, na kikombe juu. Kila jioni. Nikiamka, lipo. Nikilimaliza, asubuhi limejaa. Hukuniuliza kwa nini nakunywa sana, hukunicheka, hukunihesabia. Haki ya Mungu, mwanangu, nililala kando ya jagi lile nikaona aibu mpaka nikatamani ulifunge.

Hatimaye uliponipeleka kwa daktari, yule mzee wa Kizungu anayezungumza Kiswahili kama mahubiri, ulitoka nje kuninunulia soda ukasahau kwamba haturuhusiwi. Hapo ndipo nilipomwuliza. Nilisema, Daktari, kama kweli ni ugonjwa ule ule, mbona mtoto ulimwangusha mara moja, na mimi unanizungusha?

Alikaa. Akasema damu ina chembe nyeupe, ndizo askari wa mwili, kazi yao ni kupigana na vidudu. Katika ugonjwa huu wetu, mimi na wewe, inaelekea askari hao wanakosea adui, wanaivamia kongosho, mahali insulini inapotengenezwa. Akasema wenzake waliwahi kuwapasua watoto waliokufa kwa ugonjwa huu, wakatazama kongosho zao kwa hadubini, wakakuta chembe nyeupe zimejazana, kundi zima. Kwa watu wazima mara nyingi wanakuta chache, huku na huku. Akasema labda kwa mtoto askari ni wengi zaidi, labda hata ni wa aina nyingine, na wanaharibu upesi. Kwa mtu mzima wanakula kidogo kidogo, na kinachobaki kinamsogeza siku mpaka siku. Kwa nini iwe hivyo, alisema, hajui, na anayemwambia anajua anadanganya, ndiyo kwanza watu wanatafuta.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Kwako ilikuja kambi nzima na malori yake. Kwangu walitumwa makonstebo wawili wavivu. Nami nilikuwa nimeupima ugonjwa wako kwa mwili wangu, mwili wa mtu mzima aliyejifunza kuvumilia.

Nikauliza la pili. Nilimwuliza, mtoto wa namna hiyo akinyimwa maji, inakuwaje? Alinitazama. Nadhani alikumbuka, maana ni hospitali ile ile. Akasema, "Bwana, maji yasingemponya. Lakini ule ugonjwa unayamwaga maji ya mwili, na mtoto anayarudisha kwa kunywa. Kiu yake ndiyo iliyokuwa inamweka hai mpaka afike kwetu. Ukimnyima, unakata kamba aliyoishikilia."

Ukaingia na soda. Uliuliza kwa nini nalia, daktari akakuambia wazee huogopa sindano. Nilimshukuru, tena nikanyamaza. Tazama nilivyo.

Sasa unakwenda Kampala kusomea kazi ya maabara. Uliniambia jambo la kwanza watakalowafundisha ni kupaka tone la damu kwenye kioo na kuhesabu chembe. Hata foleni ya sukari hapa Bwera, ambapo watu wanasukumana toka alfajiri tangu sukari ipotee madukani, imekwisha kusikia kwamba binti yangu atahesabu chembe. Nimejivuna vya kutosha kwa sote wawili, sisi ambao sukari tunaikojoa bure. Ukizitazama hizo nyeupe, nakuomba uniandikie zikoje. Niambie kama za mtoto na za mtu mzima unaweza kuzitofautisha kwa macho. Najua si rahisi hivyo. Lakini mimi nilitazama mbavu zako, mkeka wako, sisimizi, pumzi zako, vyote viko mbele yangu mchana kweupe, na nikaona uvivu na pombe. Kwa hiyo nikiwa na neno moja la kukupa huko maabarani ni hili: ukijiona una jibu tayari kabla ya kutazama, ogopa. Nilikuwa na majibu mazuri sana.

Kuna jambo la mwisho la kuona aibu, na hili ni la jana tu. Barua hii nilikusudia kuiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya gauni la buluu, uikute ukifika Kampala. Nilijiambia utaisoma kwa utulivu. Uongo. Nilitaka uisome wakati Kinyamaseke imeshapita, na mama yako amesimama barabarani ameona basi linaondoka. Nimemtumia habari kwa mtu wa duka la mbegu. Nimemwambia basi lako, na nimemwambia kwamba nitakuwa nimekuambia. Sikumwambia kwamba utashuka, hilo si langu kuliahidi. Atasimama tu pale chini barabarani, na ninavyomjua, atakuwa amefika tangu kabla ya jua, ameshika kitu ulichokuwa unakipenda ulipokuwa mdogo, kilichopikwa bila sukari.

Kwa hiyo sikuiweka sandukuni. Nitakupa asubuhi, mkononi, baada ya sindano na kabla ya chai, na nitakaa hapo hapo mezani ukiisoma. Ukitaka kusema neno, nitalisikia. Ukitaka kunyamaza, nimekufundisha kunyamaza mwenyewe, sitalalamika. Usiogope kwamba utaniacha bila mtu wa kunichoma. Nimefanya mazoezi kwa chungwa, na mjusi yupo.

Treni haiondoki Kasese mpaka mchana. Dereva nimemwomba asimame Kinyamaseke kwa muda, na amekubali, akasema kwa ajili ya Afande atasimama hata saa nzima. Ukishuka, usimwambie maneno mengi, atafikiri nimekutuma useme samahani kwa niaba yangu. Yangu nitaipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu, kama atanipokea. Wewe mwambie tu una kiu.

Baba yako